Mama Ploti na Miguu ya Wapangaji

Chumba kile nilikipata kwa sababu ya mguu wangu wa kulia. Nasema bila aibu, maana wenzangu wawili waliokuja kukiulizia asubuhi ile walikuwa nadhifu kunishinda, mmoja hata alifunga tai, na wote wawili waliambiwa kimeshachukuliwa. Mimi nilikuja na viatu vya ofisi ya maji, vimejaa tope, na Mama Ploti, mwenye nyumba, hakuniangalia usoni hata kidogo. Aliangalia chini. Aliniuliza kama magoti yangu ni mazima, nikasema ni mazima. Akaniuliza kama naweza kusimama kwa mguu mmoja bila kushika ukuta. Mimi ni mtu wa Kakamega, nilikuwa nimeletwa Nyeri na uhamisho wa kikazi wiki hiyo hiyo, nikadhani labda ndiyo desturi ya huku mlimani. Basi nikasimama kwa mguu mmoja katikati ya ua, kuku wakinitazama.

"Uko na mguu ya maana," akasema. "Chukua ile nyumba ya mwisho, karibu na ng'ombe."

Nilikaa pale miaka mingi, na jina lake halisi sikuwahi kulitumia. Wapangaji wote tulimwita Mama Ploti tukiwa mbali naye, na Mama tu tukiwa karibu. Mambo ya alizaliwa wapi na ukoo gani siyawezi, kwa sababu hakuwahi kunieleza jambo lolote juu yake mwenyewe kwa namna moja mara mbili. Kuhusu alikopata ufundi wa magari, kwa mfano: siku moja marehemu mumewe ndiye aliyemfunza, siku nyingine yeye ndiye aliyemfunza mumewe, na siku aliyokuwa amekasirika alisema hakufunzwa na mtu, gari ni ng'ombe tu, na ng'ombe amewakamua tangu hajaota meno ya mbele.

Hilo la ng'ombe halikuwa mzaha. Mwisho wa ploti palikuwa na zizi, na ubavuni mwa zizi, chini ya paa lile lile la mabati, lilikaa gari lake, stesheni wagoni la kijivu lenye mgongo mrefu, la zamani kuliko baadhi ya wapangaji. Yeye alihesabu zizi lina ng'ombe wawili, mmoja wa majani na mmoja wa petroli. Akitoka asubuhi alisalimia wote wawili, kisha ndipo akatusalimia sisi, kama bado tungalipo.

Sasa nieleze habari ya mguu. Breki za gari zinasukumwa na mafuta yaliyo ndani ya mabomba. Hewa ikiingia kwenye hayo mafuta, pedali inalegea. Unakanyaga, nayo inakwenda chini laini, hadi unahisi sakafu. Dawa yake ni kuitoa hiyo hewa, na kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali. Mwingine analala chini nyuma ya gurudumu, anafungua nati ndogo yenye tundu, mafuta na mapovu yanatoka kwa kibomba cha plastiki hadi kwenye chupa, kisha anaifunga nati kabla mguu haujainuka. Mguu ukiinuka mapema, hewa inafyonzwa tena ndani, na kazi inaanza upya. Hawa wawili hawaonani. Wanasikizana tu.

Mafundi huita kazi hiyo kublidi breki. Mama Ploti aliita kukamua. Na hakuwa tayari kupeleka gari kwa fundi yeyote wa mjini, kwa sababu, alisema, mtu akikamua ng'ombe yako hata mara moja, kesho anakueleza mambo ya boma lako. Kwa hiyo alilala chini mwenyewe, juu ya gunia, na leso yake ya kanisani kichwani, na miguu ya kukanyagia aliitafuta miongoni mwa wapangaji. Walimu wamepita pale, wauguzi, makarani, msusi mmoja wa nywele ambaye mguu wake ulikataliwa kwa wepesi akapewa kazi ya kushika tochi. Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ, alipenda kusema, yaani kakikundi ndiko kanakoinua kinu, ingawa sikumbuki siku yoyote alipotuuliza kama tunataka kuinua.

Amri zilikuwa tatu na alizitoa kutoka chini ya gari kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Finya. Shikiria. Achiria. Na ukishakanyaga ulipaswa kujibu, "Nimeshika, Mama." Ukinyamaza alitoka chini, akapangusa mikono, akaja dirishani kukuangalia kama bado u hai.

Mguu ulioheshimiwa kuliko yote ulikuwa wa Koplo, askari polisi wa kutoka Kitui, jirani yangu wa mlango wa pili. Ulikuwa mguu mzito wa gwaride. Lakini Koplo naye ana siku yake. Alikuwa kwenye usukani, amefinya, amesema ameshika, na nati imefunguliwa, simu yake ikalia. Alikuwa mkubwa wake wa kituo. Koplo, kwa mazoea ya kazi, alikakamaa kama aliyeitwa mbele ya gwaride, akanyoosha mgongo, akaleta visigino pamoja, na mguu ukatoka kwenye pedali. Tulisikia gari linavuta hewa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Mama Ploti alitoka chini mafuta yakimchuruzika mkononi, akamwomba Koplo ile simu, akamweleza yule mkubwa kwamba polisi wake ameharibu breki za mjane. Koplo alilala kwa jirani usiku ule, ingawa hakuna aliyemfukuza.

Nimesema alikuwa mkali. Alikuwa mkali kweli, lakini ukali wake ulikuwa na matundu. Mimi, kwa mfano, alinikataza kupika omena kwenye ploti. Alisema harufu ya samaki inakausha maziwa ya ng'ombe, na kwamba watu wa huku hawakuumbiwa vitu vyenye macho mengi namna ile kwenye sahani moja. Nikapika kwa siri, dirisha nimefunga. Mlango ukabishwa. Alikuwa yeye, amekuja kukagua harufu, na alikuwa amekuja na sahani. Tangu hapo kila Ijumaa alikuja kukagua. Alikula kimya, akanitaka nisirudie tena, na akiona nimechelewa kupika alituma mtu aulize kama niko mgonjwa.

Maji ya mfereji alitupimia kwa jicho la ukali, mimi mtu wa ofisi ya maji nikiwa miongoni mwa wanaopimiwa. Lakini mgonjwa yeyote kwenye ploti aliletewa maziwa asubuhi na jioni, na ukijaribu kulipa aliona umemtukana. Kabla ya kuteremka Karatina siku ya soko alisali ndani ya gari, macho wazi, mkono juu ya handibreki. Nilimuuliza kwa nini hafungi macho. Akasema Mungu anajua kufunga ya kwake.

Kuna jambo moja hakulegeza kamwe. Miguu yetu aliiazima apendavyo, lakini usukani haukushikwa na mtu. Hata kulirudisha gari nyuma hatua mbili tupitishe mtungi wa gesi, alikuja yeye. Alikuwa tayari kukabidhi maisha yake kwa mguu wa karani aliyemfahamu jana, akiwa amelala chini ya gari lake, lakini ufunguo alilala nao.

Ugonjwa wa breki aliupima kwa njia ambayo hadi leo naitumia. Kwanza unakanyaga mara moja, polepole. Ikiwa pedali ni laini, unaipiga mara kadhaa za haraka: ikipanda na kuwa ngumu, hiyo ni hewa. Ikiwa inasimama vizuri lakini unapoishikilia inazama kidogokidogo chini ya mguu, hapo ugonjwa uko kwenye masta silinda, ile pampu ya mbele, mipira yake imeisha ndani. Ikiwa mafuta yanapungua kwenye kikopo, kuna mahali panavuja, weka katoni chini ya magurudumu na kesho asubuhi katoni itasema. Na ikiwa inapiga kelele tu lakini gari linasimama, ni pedi, vile vibao vya kubana gurudumu, vimeisha.

Taabu ni kwamba alipima watu vilevile. Mchungaji mgeni alipohubiri mara ya kwanza, Mama Ploti alirudi akatangaza uani kwamba yule anataka kupigwapigwa kwanza ndipo asimame, ako na hewa. Juu ya mzee mmoja wa mtaa alisema huyo ukimwekea mguu anasimama vizuri kabisa mbele ya watu, halafu anazama polepole, na nje huoni mahali anavuja. Nilifanya makosa ya kuuliza mimi je. "Wewe hauna shida," akasema. "Ni pedi tu imeisha. Unapiga kelele sana na kusimama unasimama." Koplo alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku ile, nikilalamika juu ya jambo lolote, ananiambia pedi.

Hata hivyo, kwa watu wa kwake mwenyewe kipimo hicho kilimshinda. Alikuwa na mwana mmoja Nairobi, muuza bima, tuliyemwita Mtu wa Bima. Kazi ile ilimfundisha kuona ajali kila mahali. Alikuwa kijana wa heshima, lakini akiingia kwenye ploti alitazama waya za umeme, akatazama ngazi, akatazama jiko la mkaa, na akifika kwenye gari la mamake uso wake ulibadilika kabisa. Mama Ploti aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa kuhamishiwa Nairobi kwa huyu mwana, kwenye nyumba ya ghorofa ya juu isiyo na zizi.

Na siku moja alimpa sababu. Kulikuwa na harambee kanisani, mahema yamesimamishwa kwenye uwanja unaoinama, na Mtu wa Bima ndiye mwenyekiti wa siku, ameshika kipaza sauti. Mama Ploti alichelewa kwa sababu ya ndama. Gari likaingia getini taratibu. Likashuka uwanjani taratibu. Likapita mahali pa kuegesha magari, bado taratibu, yeye ndani akipiga pedali kama anayeponda viazi, likaenda likaegemea mlingoti wa hema la wageni waheshimiwa. Hema likakaa juu ya waheshimiwa. Hakuumia mtu, nashukuru Mungu, ila sufuria za chai zilimwagika zote, na kutoka chini ya turubai tulisikia kipaza sauti kikiendelea kuuliza ni nini hiyo. Mama Ploti alishuka, akarekebisha leso, akaanza kusalimia watu kwa mkono. Kisha akawaambia wazee hema lile liliwekwa mahali pabaya.

Jioni ile mwanawe hakupaza sauti. Alisema atarudi Jumamosi inayofuata. Atakanyaga ile pedali kwa mguu wake mwenyewe. Ikiwa laini, gari linauzwa siku hiyo hiyo, ng'ombe anauzwa, na mama anaingia kwenye gari lake la kwenda Nairobi na nguo zake. Mama Ploti alimjibu kwa Kikuyu, maneno machache, nami sikuyaelewa, lakini Koplo ambaye hakuyaelewa vilevile alivua kofia.

Basi kesho yake alipanda gari la abiria hadi mji wa Kenol, akarudi na kiondo kilichofunikwa ndizi. Chini ya ndizi kulikuwa na kalipa mbili za mitumba, vile vyuma vinavyobana gurudumu la mbele mtu akikanyaga breki, moja ya kulia na moja ya kushoto. Za zamani zilikuwa zimeshika kutu. Alizifunga mpya mwenyewe, mimi na Koplo tukimpa spana. Ni Koplo aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba anakumbuka zile nati za kutolea hewa zilikuwa zikiangalia juu, na sasa zinaangalia chini. Mama Ploti alimtazama kwa huruma.

"Koplo, kwenu kuna ng'ombe?"

"Ziko, Mama."

"Ushaona chuchu ikiangalia juu? Chuchu ikiangalia juu, hiyo ng'ombe imekufa."

Kusema kweli nilikubaliana naye. Hata Koplo aliinua mabega, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu wake ulikuwa unahitajika.

Ijumaa alasiri tulikamua. Nilifinya, nikashika, nikaachia. Mafuta yalitoka kwenye kibomba safi kabisa, bila hata povu moja, na Mama Ploti akafurahi, akaja dirishani kukanyaga mwenyewe. Pedali ikashuka hadi sakafuni. Tukarudia. Koplo akachukua zamu. Mafuta safi, pedali laini. Mguu wangu ulianza kutetemeka, nikasema, nikaambiwa pedi. Akaanza kupima upya kwa mpango wake wote: akapigapiga, pedali ikapanda, basi ni hewa. Akaishikilia, haikuzama, basi masta ni mzima. Akaweka katoni, zikabaki kavu. Hewa imo, na hewa haitoki. Tuliendelea hadi jua likaingia nyuma ya milima ya Nyandarua na baridi ikatukaa vidoleni, na mara ya mwisho hakusema finya. Nikainama kuangalia kama yuko salama. Macho yalikuwa wazi, anatazama tumbo la gari.

"Huko Nairobi," akasema, "nitakuwa naamka nasalimia nani?"

Niliumia. Mimi ndiye niliyekuja mji huo sijui mtu, na asubuhi ya kwanza kabisa aliyenisalimia ni yeye, baada ya ng'ombe. Nilitaka kumwambia hivyo, nikashindwa, nikamwambia tujaribu tena kesho mapema.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta zizini, ananywesha ndama aliyekataliwa na mamake. Alikuwa na chupa ya soda iliyofungwa chuchu ya mpira, ameiinamisha, chuchu chini, ndama anavuta kwa nguvu zake zote. Ndani ya chupa mapovu yalikuwa yakipanda juu, kwenye kitako, na kukaa huko. Mama Ploti alikuwa akimwambia ndama anywe vizuri, ng'ombe mdogo hanywi hewa. Akasema tena, polepole, hanywi hewa. Akaitazama chupa. Akaigeuza, chuchu ikaangalia juu, na yale mapovu yote yakakimbilia kwenye chuchu, ndama akavuta upepo mtupu, akakohoa na kumpiga kichwa cha tumbo. Mama Ploti hakuhisi hata hicho kichwa. Alinigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona, akanipa chupa, akachukua spana.

Hata mimi nilikuwa nimeona. Hewa hukaa juu. Nati ikiwa chini, utatoa mafuta safi hadi kiama, na hewa itakuangalia kutoka juu ikicheka. Kalipa ya kulia alikuwa ameifunga kushoto na ya kushoto kulia. Alizifungua zote mbili, akazibadilisha, nati zikaangalia mbinguni. Koplo aliyekuja na kikombe cha chai alifungua mdomo, nikamkanyaga kidole. Mama Ploti alisema tu, bila kutuangalia, kwamba huyo muuzaji wa Kenol alimchanganyia.

Tulikuwa hatujamaliza hata gurudumu moja gari la Mtu wa Bima likaingia. Alishuka na shati jeupe la Jumamosi. Koplo alikuwa kwenye usukani, na kwa kumwona mwenye kesi amefika alishuka haraka kumpa salamu. Chini ya gari Mama Ploti hakuona kitu. Aliona tu, kwa sikio, kwamba kiti kimeachwa.

"Nani ako huko juu? Finya."

Mtu wa Bima alitutazama. Tukatazama kuku. Akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye kiti, akakanyaga.

"Shikiria," mama akasema.

"Nimeshika, Maitũ."

Maitũ ni mama, kwa Kikuyu, na hakuna mpangaji aliyewahi kumwita hivyo. Baadaye kijana alinieleza kwamba mguu wa kwanza kabisa wa kazi ile ulikuwa wake, akiwa shule ya msingi, akisimama juu ya pedali kwa sababu akikaa hafiki. Chini ya gari spana ikazunguka. Nati ilifunguka, na kwenye kibomba mapovu yakaanza kupita, makubwa, moja nyuma ya jingine, hadi chupa ikawa inatokota. Achiria. Finya. Shikiria. Gurudumu la kushoto, kisha la kulia. Nilisimama dirishani nikitazama goti la Mtu wa Bima. Mwanzoni lilikwenda mbali. Kisha likafupika, na mwisho likagota juu kabisa, na yeye akakanyaga tena kwa hasira, kama anayetaka pedali ishuke, ikakataa.

Mama Ploti alitoka chini, mafuta hadi kwenye nyusi. Hakumuuliza kitu. Alijua, na kijana alijua kwamba anajua, kwa sababu ushahidi ulikuwa chini ya kiatu chake mwenyewe. Mwana akasema bima ya gari hili imebakiza miezi michache, atalipia. Mama akamwambia ashuke, hicho kiti si chake.

Mimi nilihamishiwa Nanyuki baada ya hapo, na Koplo akapelekwa Sagana. Miaka ikapita ya kupigiana simu za Krismasi. Juzi juzi tu, katikati ya wiki, Mama Ploti akanipigia. Sauti ilikuwa ile ile ya kuita mbuzi. "Kuja," akasema. "Na ukuje na mguu."

Nilijua breki zimelegea tena, na nilijua maana yake ni Nairobi, kwa hiyo niliomba ruhusa kazini nikateremka. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya zizi, amekonda, fimbo imelazwa magotini. Alisalimia mkono wangu, kisha akaangalia mguu wangu, akaonekana kuridhika. Nikaingia kwenye gari nikafanya kama alivyonifunza. Nikakanyaga mara moja, polepole: ikasimama juu. Nikashikilia: haikuzama. Nikawasha injini nikarudia: safi. Nikafungua boneti, mafuta yamejaa kikopo. Nikapekua nyuma ya kila gurudumu, pakavu. Nikamrudia nikamwambia Mama, hii breki haina ugonjwa wowote.

"Najua," akasema.

Ndama alilia ndani. Mama Ploti alikuwa anautazama mguu wake wa kulia, ndani ya raba ya kitambaa, kana kwamba ni wa mpangaji.

"Breki iko sawa. Ni mguu imeingia hewa." Kisha akaongeza, "Usiambie kijana yangu wa Nairobi."

Sikucheka, ingawa nilijua ananiruhusu. Nilimuuliza imeanza lini, akasema tangu mvua, kwamba wiki iliyopita alikanyaga karibu na mto Chania na gari likakawia kumsikia, na tangu siku hiyo halijatoka zizini, wala yeye hajafika sokoni. Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa sweta. Akatoa ufunguo. Akauangalia, akaurudisha, akautoa tena, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole kwa nguvu, akasema anapelekwa Karatina, na kwamba nisizoee.

Basi nikamsaidia kuingia upande wa abiria, nami nikakaa kwenye kile kiti. Yeye akarekebisha leso, akasali macho wazi, mkono juu ya handibreki. Tukatoka. Kwenye mteremko wa kwanza niliona mguu wake unasogea mbele, ukakanyaga sakafu tupu, ukashikilia. Nikakanyaga na mimi. Gari likapunguza mwendo vizuri. Kwenye kona akakanyaga tena, na kwenye matuta, na mahali ambapo mbuzi walikuwa wanavuka barabara, na kila alipokanyaga nilihakikisha tumesimama. Alitazama mbele tu, ameridhika, na tulipokaribia soko alisema bila kunigeukia kwamba hii ng'ombe bado inamsikia. Nikamwambia, "Imeshika, Mama."